Pikipiki yangu ya umeme haina sauti, na Ayeyo Dahabo alikuwa anavuka barabara kwa masikio

Salaam wakuu, nipeni dakika chache. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Garissa. Sijaongeza chumvi, na sehemu za kunifedhehesha nimeziacha zilivyo.

Nilimaliza digrii, kazi hakuna. Abti, yaani mjomba wangu, akanisaidia kupata pikipiki ya umeme nibebe abiria mjini.

Nilichunguza jamani. Wiki tatu niko mtandaoni. Joto hili litaua betri? Stima ikipotea nitachaji wapi? Mchanga ukiingia kwenye motor? Usingizi ulinipotea.

Kwamba haina sauti, hiyo niliiona ni sifa.

Wenzangu wa stage ya bodaboda walinicheka. "Wewe unaendesha jini. Tunakuona tu umefika, wallahi hatujui umetokea wapi!" Nikacheka nao.

Sasa, mtaani kwetu kuna Ayeyo Dahabo. Ayeyo ni nyanya. Si wa damu, ni jirani. Haoni kabisa, miaka mingi sasa. Lakini kila asubuhi alikuwa akitoka peke yake na fimbo yake, anavuka barabara kwenda kuuza maziwa ya ngamia.

Alikuwa akisimama ukingoni, anasikiliza, kukiwa kimya anavuka. Waendeshaji aliwajua kwa mlio. "Abdi, kaza hiyo cheni, inalia kama mbuzi!"

Siku moja nilimwona kutoka mbali. Nikapunguza mwendo. Akasimama ukingoni.

Nikadhani ananisubiri nipite.

Honi ninayo. Nikafikiria kuipiga, halafu nikafikiria nitamshtua, ataanguka. Nikiwa bado nawaza, akashuka barabarani, mbele yangu kabisa.

Nikamgonga, mkono wake ukavunjika. Maziwa yakamwagika yote.

Wazee wa pande zote mbili walikaa wakayamaliza. Yeye mwenyewe alisema ni qadar, Mungu ndiye aliyeandika. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza kitu kimoja tu.

"Uliniona?"

"Ndiyo, Ayeyo."

"Basi mbona hukusema kitu?"

 

Mfupa umeunga. Lakini anafika ukingoni, barabara haina hata punda, na anabaki amesimama. Haamini tena kimya. Asipopata mtu wa kumshika mkono, anarudi nyumbani. Siku hizi maziwa anauza binti yake.

Mimi bado naendesha, sina kazi nyingine. Napiga honi mtaa mzima mpaka abiria wananigombeza.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujaleta chombo kimya mjini, jiulize nani huko anaishi kwa kusikiliza. Na ukimwona mtu mbele yako, mwite. Usikae kukisia anachofikiria, kama mimi.

Mwenye ushauri aandike hapo chini, nitasoma kila comment. Ila msiniambie atazoea. Wote wananiambia hivyo, na kila asubuhi namwona akigeuka kurudi.