Punje za Tunda Moja

Tangu bendera ya Uhuru isimikwe kileleni Kilimanjaro, mwalimu wa Kishanda alipanga shanta lake kila Jumapili baada ya misa, na sasa kesho anaondoka kweli kwenda kuupanda mlima huo. Vidole vyake vyenye chaki vilikunja soksi za sufu taratibu, kama anayelaza mtoto. Kisha akaitoa sweta ili kahawa ya kutafuna ipate nafasi.

“Huko juu hakai mtu,” mkewe Adventina alimwambia.

“Mlima ni mwenyeji. Hatuendi mikono mitupu.”

Adventina akairudisha sweta. Akapasua tunda moja la kahawa, zikatoka punje mbili. Kwao, waliotafuna punje za tunda moja ni damu moja. Ya kwanza akaitia ndani ya soksi.

“Itafune ukifika. Hii yangu nitaitafuna ukirudi.”