Faksi ya Gari la Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyeliua gari lile. Si Wamarekani, si Wajapani, si jua la Maskati. Ni mimi, mtu mzima mwenye shahada mbili, kwa karatasi moja tu.

Nakwambia wewe kwa sababu hunijui. Wanaonijua wananiheshimu, na kila wakiniheshimu najihisi kama nimevaa kanzu ya mtu mwingine.

Nianze na gari lenyewe. Bila ya kulijua utaniona mwendawazimu, nami nataka unione mbaya.

Lilikuwa la Kimarekani, rangi ya maziwa, refu kiasi kwamba likiegeshwa nyumbani kwetu Ruwi tako lake hubaki barabarani. Kampuni siitaji. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu akiwa na gari la kampuni ile hapa mjini alikuwa mtu. Mabwana harusi waliliazima. Eisi yake ilikugandisha meno mwezi wa saba! Na kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama kochi, gia iko juu kwenye usukani, kwa hivyo baina ya dereva na abiria hapakuwa na kitu.

Kiti hicho, jamani! Kiti hicho ndicho kilichoniangamiza.

Gari lilikuwa la mdogo wangu. Nitamwita Seif, si jina lake. Mama yetu alianguka bafuni, na tangu siku hiyo goti lake la kushoto likakataa kukunjika. Taksi hakuweza, mguu haukuingia. Lakini kwa Seif alikaa mbele, akaunyoosha mguu mpaka katikati, akatia kijimto chini ya goti, akatembezwa Maskati nzima. Alhamisi kwa jamaa wa Sib, Ijumaa kwa jamaa wa Ghubra, na kila mwezi mara moja safari ya Ibra, kwa mdogo wake, Bi Zuwena, ambaye sisi tulimwita Mamdogo.

Mimi nilikaa nyuma. Mkuu wa kitengo wizarani, nimewekwa nyuma kama gunia la malimau! Mbele yangu visogo viwili vinanong'onezana na kucheka. Nikiuliza, "Mnacheka nini?" mama hujibu, "Hamna, mwanangu." Hamna!

Wivu huu haukuanzia garini. Tulipotawanyika kutoka Unguja, mimi niliachwa kwa ami yangu Dar es Salaam nikasomeshwa Kiingereza, na baadaye nikaenda Uingereza kwenye chuo kikuu. Seif alikuwa bado ananyonya, akachukuliwa na mama Kuwait. Miaka kumi na moja sikumwona mama. Mimi nikapata Kiingereza, yeye akapata mama.

Shuleni Seif alisoma Kiarabu. Kiswahili alifundishwa kukisoma na mama mwenyewe, kidole juu ya mstari, na mpaka leo husoma hivyo. Kiingereza hajui hata cha kuulizia njia.

Ndiyo maana kwetu, kama katika nyumba nyingi za watu wetu hapa, kila karatasi ya Kiingereza ililetwa kwa yule mmoja aliyesoma. Maelezo ya dawa, fomu za hospitali, barua za nje, zote kwangu. Nilikuwa mdomo wa ukoo mzima mbele ya Wazungu. Na hakuna aliyekagua nilichosema. Nani angekagua?

Sasa sikiliza.

Nilinunua gari jipya. La Kijapani, la juu, la milimani na jangwani, ingawa mimi jangwani siendi. Nililinunua kwa ajili ya mama. Nikalileta Ijumaa, ukoo mzima umekaa baada ya chakula. Mama akatolewa nje na mkongojo wake, akalizunguka.

"Mashaallah," akasema. "Zuri. Sasa ngazi iko wapi?"

"Ngazi ya nini, mama?"

"Ya kupandia, mwanangu. Mie si fundi rangi."

Walicheka wote. Mke wangu alicheka! Seif akaufungua mlango wa lile jumba lake la magurudumu. "Haya, Bi Mkubwa, huku hakuna ngazi." Mama akaingia, akanyoosha mguu, akanipungia mkono. Nikabaki na ufunguo mpya mkononi, na nailoni za kiwandani bado ziko kwenye viti.

Wiki hiyohiyo gia boksi la Seif likafa barabara ya Rusayl.

Nilifurahi. Siwezi kulipamba hili. Nilimsikia kwenye simu anahema kwa joto kando ya barabara, nikafurahi.

Gari likavutwa mpaka Wadi Kabir, kwa fundi mmoja Mpakistani aliyelijua kama mwanawe. Alitoka chini yake anajifuta mikono.

"Injini zeni, arbab," akamwambia Seif, kwa kile Kiarabu cha gereji. "Bodi zeni. Gia mafi." Yaani, bwana mkubwa, vyote vizima, ila spea ya gia haipo.

Na haikuwepo kweli. Kampuni ile ilikuwa imekwisha kuanza kuporomoka. Magari yake mapya yalikuwa madogo, ukifunga mlango unalia kama kopo la maziwa. Wateja wake wa zamani walikuwa wanahamia kwa Wajapani mmoja mmoja, kimyakimya, kama watu wanaotoka kwenye hotuba ndefu. Kwa wakala palibaki vioo, na karani mmoja. Karani huyo akampa Seif namba ya faksi ya ghala moja Marekani lenye spea za zamani. Andikeni Kiingereza, akasema, mtaje na namba ya gari.

Seif akaja ofisini kwangu. Namba ameinakili kwa mkono, tarakimu kubwakubwa, zimenyooka.

"Kaka, hii kazi yako. Waandikie maneno mazuri."

"Nitawaandikia."

"Waambie gari ni la mama."

Nikaandika. Na niliandika vizuri, laana yangu ndiyo hiyo! Barua fupi, yenye adabu, goti la mama limo, kijimto kimo. Nikaenda kwenye mashine. Haikuwa na mtu. Nikasimama na karatasi mkononi, nikawaza: wiki moja tu. Wiki moja Seif akae bila ya gari, nami nimpakie mama. Akizoea, nitaituma.

Nikarudi nikaitia kwenye mtoto wa meza.

"Wamejibu?" Seif akauliza wiki ile.

"Bado."

"Wamejibu, kaka?"

"Wamarekani hawa, Seif! Siku hizi hawajali."

Ona jinsi ilivyokuwa rahisi! Kila mtu mjini alikuwa akisema kampuni ile imeoza. Uongo wangu ulipata mashahidi bila ya mimi kuwaita. Na baada ya mwezi barua haikuweza kutumwa tena, maana kuituma ni kukiri kwamba sikuituma.

Na mama je? Alipanda gari langu? Hakupanda. Akakaa nyumbani. Nilijaribu kumshawishi, nikamletea hata kigoda cha kukanyagia. Akakitazama, akatia chungu cha mawaridi juu yake.

"N'tangoja gari la Seif," akasema. "Mie nna haraka gani?"

Mwezi wa nne wa kungoja, Mamdogo akaugua huko Ibra. Ikaja simu kwamba hali si nzuri na anamtaka dada yake.

Asubuhi hiyo mama mwenyewe akaniambia nilete gari langu. Tulimwinua, mimi huku na Seif huku, naye mwepesi kama mtoto. Mguu ukagonga chini ya dashibodi. Tukarudisha kiti nyuma mpaka mwisho, ukagonga tena. Tukamtia nyuma, akapinda akapiga ukelele ambao bado nausikia. Sikuwahi kumsikia mama akipiga ukelele mbele ya majirani.

"Nirudisheni," akasema. "Nirudisheni ndani."

Akazungumza na mdogo wake kwa simu. Tuliwashikia mkono wa simu, sisi huku na watoto wa Mamdogo kule. Sikusikia kule kunasemwa nini. Mama alikuwa akisema tu, "Nakuja, Zuwena. Gari linatengenezwa. Nakuja."

Siku ya tatu Mamdogo akafariki.

Mama aliishi miaka miwili baada ya hapo. Hakumlaumu mtu. Aliwalaumu Wamarekani, na aliwalaumu kwa upole, kama mtu anayelaumu mvua.

Ningeweza kusema mwenyewe. Nilikuwa na miaka miwili! Kila Ijumaa nilikaa naye, peke yangu, maana Seif siku hizo alikuwa akifanya kazi ya ziada ili anunue gari jingine. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mama wangu peke yangu, amekaa kitini, anatazama dirishani kama gari limekuja.

Tulipoingia miaka ya elfu mbili, nikasoma gazetini kwamba kampuni ile inafunga kabisa. Jina lenyewe linakufa. Utadhani ningesikitika. Nilishusha pumzi! Nikaona kesi yangu imefungwa, mshitakiwa mwenzangu kafa na kabeba yote.

Seif akanipigia. "Umesoma, kaka? Kumbe ndiyo maana hawakujibu, maskini. Walikuwa wanakufa." Halafu akasema, "Wewe ulifanya uliloweza."

Nikasema ahsante. Hebu fikiri. Nikasema ahsante.

Gari hakuliuza. Aliliweka uani, chini ya turubai, miaka yote hiyo. Mwaka jana binti yake, anayesoma chuo, akaitafuta ile spea kwenye intaneti. Akalipata ghala lilelile, na mzee mmoja anayelitunza. Spea ikaja kwa ndege, fundi wa Wadi Kabir, sasa mwenye ndevu nyeupe, akaifunga akiimba.

Ijumaa moja nikasikia honi mlangoni. Honi ile haifanani na nyingine.

"Twende tukamzuru mama," Seif akasema. Nikaushika mlango wa nyuma. "Huko nyuma kuna nini? Kaa mbele."

Nikakaa mbele. Kijimto kilikuwa palepale.

Tukashika njia. Karibu na makaburini akasema, macho yakiwa barabarani, "Yule mzee wa ghala alimjibu binti yangu siku ileile. Anasema hawajaacha barua ya mtu bila ya kuijibu, tangu alipoanza kazi."

Nikakiweka sawa kile kijimto.

"Pengine faksi yako ilipotea," akasema. "Faksi hupotea, kaka?"

Alinifungulia mlango, unaona? Alinifungulia milango miwili, nichague mmoja.

"Hupotea," nikasema.

Akatikisa kichwa, akazima gari, akashuka kwenda kwa mama. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kile kiti, sioni haya hata kidogo, mpaka haya zikaja zote kwa mara moja nikashindwa kushuka.

Wewe unayesoma, ikiwa watu wako wamekufanya mdomo wao, ikiwa kuna karatasi ya mtu kwenye mtoto wa meza yako, itume. Itume leo! Uone wivu baadaye, una umri mzima wa kuuona. Mimi nilitaka wiki moja ya mama, nikamnyima mama siku tatu za mdogo wake.

Ungamo hili ningeweza kuliandika kwa Kiingereza. Ndicho ninachokiandikia vizuri zaidi, na ningekaa salama. Nimeliandika kwa Kiswahili, na nimeiacha Ibra humu, nimeacha kijimto, nimeacha ngazi ya fundi rangi. Jina langu sikulitia. Seif halihitaji.

Nenda polepole, mdogo wangu. Kidole juu ya mstari.