Matone na Breki Iliyonyamaza

Kinyozi yule mtaa mzima ulimwita Matone, na hakuna aliyemwonea. Kitu kikilia, yeye hukitia mafuta. Mashine za kunyolea, matone. Kiti cha wateja, matone. Bawaba za milango ya nyumbani, matone, mpaka mkewe akalalamika kwamba anaishi na mizimu, watu wanamtokea tu mgongoni bila kusikika.

Kwa hiyo pikipiki yake ilipoanza kupiga kelele kila akikamata breki ya mbele, mlio wa kijiko kikikwangua ukoko wa sufuria, mnajua tayari alichofanya. Asubuhi ile alichuchumaa uani, akadondosha mafuta ya mashine kwenye diski, huku na huku, akazungusha gurudumu ili yaenee vizuri. Kelele ziliisha kabisa. Breki nazo ziliisha.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama mkwe wake, dereva wa malori mstaafu, alikuwa na fainali ya drafti alasiri ile, dhidi ya wazee wanaojiona wamezaliwa na kete mkononi. Na tangu Matone amwoe bintiye, mama huyo hakuwahi kupokea chochote kutoka kwake. Kunyolewa hataki. Lifti hataki. Akivutiwa kiti, anakalia kingine. Jana yake tu ndipo alipolegea: "Haya, utanipeleka. Ila nikiisikia ile breki yako inalia, napanda na mwenye bucha."

Mwenye bucha alikuwa jirani yao, mgane mwenye pikipiki mpya na mashati yaliyopigwa pasi hadi yanaogopesha. Alishajitolea kumpeleka mama popote, hata pasipo na safari. Matone naye hana kifua: habari ilipomfikia, ilikuwa imefika kwa wateja wake wote. Leo nampakia mama mkwe! Asipompakia, atachekwa mpaka nywele za wateja ziote tena.

Basi akaja kwa madaha kumwonyesha mama jinsi kelele zilivyokwisha. Mama amesimama mlangoni na mkoba wake. Matone akakamata breki ya mbele miguuni pake. Pikipiki ikampita mama. Ikapita ndoo, ikapita ngazi, ikaingia kwenye kamba ya nguo za jirani, na breki ya nyuma Matone aliikumbuka akiwa ameshavaa shuka la watu.

"Mkwe," mama aliuliza, "umefika au unapita?"

"Nimefika, mama," lilijibu shuka.

"Ulifanya nini?"

"Ilikuwa inalia, mama. Nikaitia mafuta kidogo."

Mama alimtazama kama anayetazama gogo lililoanguka katikati ya barabara. "Breki inakamata kwa kukwaruzana, baba. Wewe umeipaka losheni." Akavuta kigoda, akaketi. "Alasiri natoka hapa. Na wewe, au na bucha."

Matone alivua shati. Alifungua bolti, akaitoa kalipa, kile kibano cha chuma kinachoziminya pedi kwenye diski, akaiacha ininginie kwa kamba ili mpira wake usivutike. Ndani palikuwa na uchafu wa miaka: tope, vumbi, unga mweusi wa pedi, na juu ya yote mafuta yake mwenyewe yakimeremeta.

"Pedi nitaziosha kwa sabuni," alisema kwa matumaini.

"Zimeshakunywa. Tupa."

Alikimbia duka la vipuri, akarudi na mpya akihema. Akachanganya maji ya moto na sabuni, akanyoosha mkono dirishani bila kuangalia, akapata mswaki, akaanza kusugua. Alisugua kila kona mpaka chuma kikaanza kuonyesha rangi aliyosahau kwamba kilikuwa nayo.

"Mume wangu," mkewe aliita kutoka ndani, "mswaki wangu uko wapi?"

"Wa zamani?"

"Nina wa zamani mimi?"

Matone alisugua haraka zaidi. Mama mkwe aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

Alipominya mkono wa breki polepole, pistoni, kile chuma cha ndani kinachozisukuma pedi, ilichungulia nje, nayo imevaa pete ya uchafu shingoni. Hapo Matone alikuwa nyumbani. Shingo chafu ndiyo kazi yake. Akachana kitambaa kirefu, akakizungusha, akakivuta huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, mpaka pistoni ikang'aa.

"Fungua kifuniko cha mafuta ya breki kwanza, ndipo uirudishe ndani," alisema mama. "Vinginevyo yatakurukia, halafu uvae shuka lingine."

Akakifungua, akaisukuma kwa vidole gumba, ikarudi kwa adabu. Kisha wakampata mchawi. Kalipa huteleza juu ya vijiti viwili, na kimojawapo kilikuwa kikavu na chenye kutu, hakitelezi tena. Kibano kilikuwa kinaminya upande mmoja na kulia upande mwingine. Matone alikipiga msasa, na mkono wake wenyewe, bila kumwomba ruhusa, ukaanza kutambaa kuelekea kichupa cha mafuta.

"Mkwe!"

Mkono ulirudi.

"Grisi ya breki. Kidogo. Kwenye vijiti tu."

Diski aliipangusa kwa pamba na spiriti, kama afanyavyo kwa visogo vya wateja, akaipuliza, nusura aiulize kama inawasha. Akatia pedi mpya, akafunga kila kitu, akaminya mkono wa breki tena na tena mpaka ukawa mgumu. Mama akainama, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Akazungusha tena.

"Lete funguo."

"Mama?"

"Panda nyuma. Kazi yako naijaribu mimi. Wewe hujinyoi kisogo mwenyewe."

Akapanda. Kiuno cha mama mkwe hakishikiki, kwa hiyo Matone alishika keria kwa mikono miwili nyuma yake, akakaa kama mzigo wa viazi wenye heshima. Walipopita kibandani kwake, wateja waliokuwa wakimsubiri kwenye benchi walisimama wote.

"Matone! Si ulisema unampakia?"

"Tunapakiana!" alipaza sauti.

Mbele yao mkokoteni wa maji ulijitokeza kutoka uchochoroni. Mama alikamata breki. Pikipiki ilisimama palepale, bila mlio, bila kuyumba, isipokuwa helmeti ya Matone iliyokwenda kuisalimia ya mama. Mlangoni pa bucha mgane, shati limenyooka, helmeti ya akiba mkononi, alibaki ameinua mkono ambao haukupungiwa.

"Inakamata," alisema mama mkwe.

Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba. Matone alicheka nyuma huko peke yake, meno yamejaa vumbi.

Wazee wa drafti walikuwa wamekwishapanga kete. Mmoja akauliza, kwa uchokozi, nani kamleta leo mheshimiwa.

Mama alishuka, akampa Matone mkoba wake amshikie, akamwonyesha kwa kidole.

"Mkwe wangu huyu. Mimi nimeshika usukani tu."

Akaenda kuwafunga.