Sauti ya Mama kwa Rezista Tatu

Siku ile tulikuwa wanne chumbani kwangu Mji Mkongwe: mimi, mkubwa wa nyumba tangu wazee wetu walipofariki, mdogo wangu wa kiume, anayetembeza wageni msitu wa Jozani, kitindamimba wetu, aliyekuwa anaondoka alasiri ile kwenda kwa mumewe Bwejuu, na bibi jirani wa chini, aliyemlea kitindamimba baada ya mama kufa katika uzazi wake.

Kitindamimba hakupata kumsikia mama. Alitaka jambo moja kabla hajatoka: sauti iliyo ndani ya kanda, mama yuko jikoni, baba anamrekodi kwa mzaha. Lakini redio kaseti ilikuwa imeliwa na chumvi ya hewa ya bahari. Mimi niliacha shule darasa la saba nikakaa kwenye meza ya fundi, kwa hivyo ugonjwa wake niliujua. Rezista, kidude kinachobana umeme ili kupanga mwendo wa mota, ilikuwa imeungua, na mistari ya rangi inayoonyesha inabana kwa omu ngapi imegeuka masizi.

Nilijaribu ya 470. Mama akatoka mbio, sauti nyembamba kama ya kitoto. Nikatia ya elfu moja, akaburura maneno kama mgonjwa. Kitindamimba akainamisha uso. Kipimo cha katikati sikuwa nacho, lakini huundwa: rezista mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, omu zao hujumlika. Nikaunga 470 na 220.

"Ndiye," mdogo wangu akasema.

"Bado. Mwembamba," nikasema.

"Kaka, wewe ulikuwa mtoto na mie mtoto. Nani kakupa mizani?"

"Chagueni nyinyi," kitindamimba akasema. "Mie ntaamini yoyote mtakayonipa."

Hilo lilinikaa vibaya. Nilihitaji kama sabini zaidi, na kopo langu halikuwa nayo. Duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Bibi akashuka, akarudi na redio yake ndogo, ile anayosikilizia matangazo ya vifo.

"Chokoa humu."

"Bibi, itakufa."

"Na ife. Waliokufa nshawajua. Waliobaki watakuja kuniaga wenyewe."

Nikachomoa ya 68, nikaiunga ya tatu. Mama akakuna nazi, akakohoa, akaniita kwa jina.

"Naam," nikasema, kabla sijafikiri.

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu aliangalia ukuta. Kitindamimba aliomba nirudishe nyuma, akasikiliza kanda mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mie sikuitwa."

Akapanda gari la Bwejuu, redio kaseti mapajani.

Rezista nyingine ya 68 niliipata baadaye, lakini nilipochomoa ile ya redio ya Bibi nilinyanyua na njia ya shaba inayopitisha umeme kwenye bodi yake kuukuu, ikakatika. Nilimpelekea Bibi redio mpya, akaifunika kitambaa. Anaitaka ile aliyonunuliwa na marehemu mumewe. Basi kila jioni nashuka kumwambia nani katangazwa.

"Na yangu?" huuliza nikishamaliza.

"Bado, Bibi."

Iko mezani kwangu, tumbo wazi.