Ruhusa ya Marehemu Evelio

Kazi ya Nidia Arboleda pale mjini Manizales ilikuwa kutoa ruhusa za kompyuta. Namba za vipimo vya mito zilimiminika bila kukatika kwenye mfumo wa ofisi ya tahadhari ya mafuriko, naye ndiye aliyeamua kundi lipi la watumiaji lisome tu namba hizo na kundi lipi liziandike. Wenzake walimtania kwa kumwita askari wa geti. Hakujali.

Lakini kwa Evelio Ocampo mkono ulikuwa mzito. Fundi huyo wa vipimo, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa amefariki, na jina lake lilikuwa bado kwenye kundi lenye ruhusa ya kuandika.

"Ngoja kwanza sala za siku tisa ziishe, bosi," Nidia alimwomba mkuu wake alipoagizwa alifute. Kwao marehemu husaliwa siku tisa ndipo aachwe aende. Nani angethubutu kumfuta kabla?

Sala zikaisha. Asubuhi yake Nidia akajipangusa machozi, akamtoa kundini.

Jamani, laiti angejua! Evelio, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa njia za mkato. Kipimo cha bonde la El Guadual hakukifungulia akaunti yake chenyewe. Kilituma namba zake kwa jina la Evelio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Nidia hakuwahi kuukagua ufa ule. Alipomtoa Evelio, kipimo nacho kikanyimwa ruhusa. Skrini ikaganda kwenye namba ya mwisho, ya mto uliotulia, na king'ora cha bondeni, kilichoamshwa na namba hizo, kikabaki kimya huku mvua ikipiga mabati.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa Amparo, mjane wa Evelio, aliyeishi bondeni.

"Shoga, king'ora chenu kimelala? Maji yako mlangoni!"

"Mbona huku mto uko chini..."

"Chini wapi? Nakwambia mlangoni!"

Nidia akaelewa: alipomtoa Evelio alikuwa amekizima kipimo.

"Toka, Amparo! Toka na majirani!"

Papo hapo akamrudisha marehemu kundini. Namba zikaruka, king'ora kikalia bonde zima.

Watu walitoka salama. Nyumba ya Amparo ilikwenda na maji. Nidia alimkuta kwenye shule walikohifadhiwa waliokimbia maji, amejifunga blanketi, akamweleza yote bila kujitetea. Alitarajia matusi.

Amparo akainua uso. "Kwa hiyo king'ora kililia kwa jina la Evelio?"

"Kwa jina lake. Na bado yumo. Nimeshindwa kumtoa tena."

Amparo akamshika mkono. "Kipe kile kipimo jina lake chenyewe, halafu mtoe, shoga. Mwacheni mume wangu apumzike."