Mtu wa Mafuta Mbele ya Makaa

Umewahi kumchukia mtu kwa sababu tu amepewa koleo la makaa? Usikimbilie kusema wewe si wa namna hiyo. Mimi nilimchukia Kizito wiki tatu nzima, na koleo lenyewe halikuwa hata langu. Nilimchukia kwa niaba ya Mzee Paresh.

Mzee Paresh ana miaka sabini na minne. Ana duka la vifaa vya umeme Thornton Heath, huku Uingereza, ingawa siku hizi mkewe, Sudha, ndiye anayeliendesha. Yeye kila Jumamosi hupanda treni hadi Edmonton, kwenye karakana ya chama chetu, ambako kwa miaka tisa tumekuwa tukifufua injini moja ya mvuke ya aina ya 9F. Ina magurudumu makubwa kumi, iliundwa miaka ya hamsini kuvuta treni ndefu za mizigo, na baada ya aina hiyo Waingereza hawakuunda tena injini ya mvuke ya mizigo, wakahamia dizeli. Mzee Paresh amesugua kutu ya kila gurudumu kwa mkono wake. Siku ya kwanza alituambia kwamba ujanani alikuwa fayamani, yaani mlisha moto, kwenye reli ya Nairobi na Mombasa. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mwezi Mei, Reshma, fundi wetu mkuu, akatangaza kwamba injini ingetembea Jumapili ya pili ya Juni, na mlisha moto angekuwa Kizito. Kizito ni Mkongo wa Uvira, anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea hapo Edmonton. Alikuwa na miezi kumi na minne kwenye chama.

"Miezi kumi na minne!" Mzee Paresh aliniambia mlangoni. "Kijana, mimi nina kikohozi kilichokaa zaidi kuliko huyo."

Tangu siku hiyo hakuitikia tena salamu ya Kizito. Kizito akileta chai, yeye anamwaga na kujichemshia yake. Nami, niliyetoka chuo kikuu nikiamini kwamba jasho la mtu lazima liheshimiwe, nilisimama mkutanoni nikahutubia. Nilisema chama kinawatupa wazee. Nilimnyooshea kidole mtu anayewaogesha wazee wiki nzima! Kizito alinisikiliza huku akifuta miwani yake.

Reshma akangoja nimalize. "Sawa. Jumamosi tunapandisha mvuke wa majaribio. Paresh bhai," alimwita 'kaka' kwa Kihindi, "atalisha moto. Akiweza, Jumapili ni yake."

Jumamosi hiyo Mzee Paresh alipanda kwenye injini akiwa na shati jipya. Alitupa makaa kama mtu anayefukia shimo, koleo juu ya koleo, kisha akatoa kichwa nje na kutazama moshi. Moshi ulikuwa mweusi tii. Akaongeza. Mshale wa kipimo cha mvuke ukaanza kushuka.

"Papa Paresh," Kizito aliita kutoka chini, "hii moto inataka kidogo-kidogo. Angalia ndani, usiangalie juu."

"Nani amekuuliza? Nenda ukabadilishe watu nepi!"

Watu wawili walicheka. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini mshale uliendelea kushuka, na hatimaye Reshma akafunga kila kitu. "Inatosha, Paresh bhai. Ni Kizito."

Nilimkuta Mzee Paresh nyuma ya karakana, shati limekuwa jeusi. Nilianza kumwambia kwamba ameonewa. Akanikatiza.

"Zile injini zetu za Nairobi zilikuwa zinachoma mafuta," alisema. "Unafungua vali, unafunga vali, unatazama rangi ya moshi, basi. Sikuwahi kushika koleo hata siku moja. Huyo bwana aliuliza kila kitu tangu alipofika. Mimi ningeuliza vipi? Nilishasema najua."

"Basi unamwonea wivu bure."

"Bure? Anajua ninachojifanya kujua. Wewe unataka wivu wa namna gani tena?"



Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilifika nikijua mzee hatakuja. Alikuwa ndani ya injini. Makaa aliyorundika jana yalikuwa yameyeyuka na kugandamana juu ya vyuma vya chini ya tanuri, na bila kuyatoa hewa isingepita wala moto usingewaka. Alikuwa anayabandua kwa chuma kirefu, jasho likichuruzika, mapande yakianguka kwa kishindo. Kizito alifika akiwa bado na sare ya zamu ya usiku. Akapanda, akanyoosha mkono apokee kile chuma.

"Toa mkono," Mzee Paresh alisema bila kumtazama. "Uchafu huu ni wangu."

Kizito akasimama kando. Ilichukua karibu saa nzima. Pande la mwisho lilipotoka, mzee alishuka ngazi kinyumenyume, akapita mbele yangu, akaenda kunawa. Kizito akachutama, akachungulia tanuri safi kwa muda, kisha akaanza kupanga kuni za kuwashia makaa.