Trekta Refu kwa Kilima cha Kanzenze

Sauti iliyonishtua ilikuwa ndogo, na kwa kuwa ilikuwa ndogo hakuna mwingine aliyeijali. Trekta lilikuwa likikata majani ubavuni mwa kilima chetu, likinguruma kwa uzito uleule tangu asubuhi, mara injini ikawa nyepesi. Ngurumo ilipanda hadi ikakaribia mluzi, kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha ikashuka ikarudi mahali pake. Nilikuwa nimesimama chini ya mtaro, nikaona gurudumu la upande wa juu likizunguka bila kushika udongo. Halikuinuka sana. Kiganja kilicholazwa kingepita chini yake. Kisha liliteremka, likaing’ata ardhi, na dereva akaendelea mbele akiwapungia mkono watu waliokuja kutazama.

Walipiga makofi. Kaka yangu alipiga kuliko wote.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na baba yangu, ambaye hakuwahi kushika jembe maishani mwake, alikuwa amekodi kilima kizima upande wa Kanzenze. Mlowezi aliyelima pareto pale alikuwa ameondoka, na shamba likabaki na majani yaliyofika kifuani. Watu wa baba walikuja Gisenyi kutoka Ujiji wakifuata biashara, na biashara ndiyo iliyokuwa lugha yao ya pili, pengine ya kwanza. Duka letu liliuza chumvi, vitambaa na taa za mafuta. Lakini baba aliona maduka yakiongezeka mtaani na wanunuzi wakibaki walewale, akasema kwamba kaka yangu atahitaji biashara ambayo jirani hawezi kuifungua kwenye mlango wa pili. Kilima kilikuwa cha kaka. Trekta pia lilikuwa la kaka, maana vibarua walikuwa wakivuka kwenda migodini Kongo, na bwana shamba wa serikali, Mbelgiji, hakutaka kusikia habari za upungufu wa watu. Alitaka kuona mitaro ya kuzuia mmomonyoko imesafishwa na majani yamekatwa.

Mitaro hiyo ndiyo chanzo cha yote. Ilichimbwa kuzunguka kilima kama mishipi, mmoja juu ya mwingine, na sheria ilikuwa kwamba kila kazi ifuate mitaro. Hakuna aliyeruhusiwa kulima kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo mashine yoyote ambayo tungeinunua ingetembea maisha yake yote ikiwa imeinama upande mmoja.

Wakala aliyetuuzia alitoka Bukavu. Wazee wake nao walipitia njia ya Ujiji, kwa hiyo baba alimpokea kama mtu wa nyumbani. Alikuwa na aina mbili za matrekta madogo. La kwanza, alilolileta kwa lori ili tulione likifanya kazi, lilikuwa refu na jembamba, tumbo lake limeinuliwa mbali na ardhi. La pili lilibaki Bukavu, na tuliliona kwenye picha tu: fupi, pana, magurudumu yametanuka kama miguu ya mtu anayesukuma ukuta. Baba alilitazama mara moja tu.

“Hilo ni kobe,” alisema, akamrudishia wakala picha yake.

Hakuwa mjinga, na ninataka jambo hili lieleweke. Baba alikuwa amenunua malori kwa miaka mingi katika nchi ya mawe meusi ya volkano. Aliwahi kupoteza shehena nzima ya chumvi katika mvua kwa sababu lori lilipasua tumbo juu ya jiwe kwenye barabara ya Ruhengeri. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza alichofanya mbele ya gari lolote ni kuinama na kutazama chini yake. Kilima chetu kilijaa mawe. Trekta refu lingepita juu ya mawe hayo. Lile fupi lingehitaji mawe yaondolewe kwanza, kwa mikono, ubavu mzima. Kwa mfanyabiashara wa Gisenyi hesabu ilikuwa imekwisha.

Baada ya maonyesho yale tulirudi mjini kula. Dereva wa wakala alikuwa mwanamume wa umri wa kaka yangu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha Bukavu, na alikula pilau ya mama hadi mama akasahau kujifanya hafurahi.

“Mama, mi nitarudia hii pilau,” alisema, “hata kama trekta hamununue.”

Nilimfuata uani alipokwenda kunawa. Nilimuuliza kuhusu sauti ile. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyedhani hakuonekana, kisha akatabasamu.

“Iko inacheka tu, dada. Mashini ikifurahi inacheka. Usiogope.”

Ndani, mazungumzo yalikuwa yamefika mwisho wake. Katika nyumba yetu bei haikufungwa kwa karatasi. Ilifungwa kwa kahawa. Mazungumzo yakikubalika, mnunuzi anamaliza kikombe chake na kukifunika juu ya sinia, na muuzaji anafanya vivyo hivyo. Kikombe cha mgeni huoshwa. Cha mwenye nyumba huachwa kimefunikwa kwenye rafu ya jikoni mpaka mali ifike, na hakuna anayekigusa. Nilipoingia, vikombe viwili vilikuwa vimegeuzwa. Trekta letu refu, jipya, lingepakiwa melini Bukavu na kuvuka ziwa kuja kwetu. Lile la maonyesho lingeendelea na dereva wake hadi Mudende, kwa wateja wengine.

Lazima nieleze kwa nini sikusema kitu pale pale, nami ndiye niliyekuwa nimesomea udongo na miteremko katika nyumba ile. Nilikuwa nimerudi kutoka ng’ambo kabla ya kukamilisha masomo yangu ya baada ya shahada. Mlima ambao mimi na wenzangu tulikuwa tukiupima uliporomoka mchana, mbele ya macho yetu, ukaifunika nyumba ya mkulima aliyetupatia maziwa asubuhi ile. Tangu hapo sikuweza kutazama ardhi iliyoinama bila kuiona ikitembea. Nilikuwa nimejifunza kutoiamini hofu yangu, kwa sababu ilikuwa inaniambia jambo lilelile kuhusu kila kitu. Ikiwa kila kilima kinaniogofya, hofu yangu juu ya kilima kimoja ina thamani gani? Nililigeuza swali hilo hadi likapoteza makali.

Nilichoamua ni kupima, maana kipimo hakiogopi. Niliazima timazi ya fundi mwashi, nikaunganisha mbao mbili, nikapanda Kanzenze pamoja na kaka. Alibeba mbao akicheka njia nzima. Aliwaambia wanawake tuliopishana nao kwamba dada yake hapandi hata kitanda kabla ya kukipima mteremko. Nilipima ubavu sehemu baada ya sehemu. Nilichukua kimo cha trekta na upana wa magurudumu yake kutoka kwenye karatasi ya wakala, nikakadiria mahali ulipokaa uzito wake, nikachora.

Jibu halikuwa la kupiga kelele. Juu ya udongo mkavu na laini, trekta refu lingesimama, kwa nafasi ndogo. Lakini gurudumu la juu likipanda jiwe, au la chini likizama ukingoni mwa mtaro, nafasi hiyo ingekwisha. Ndipo nilipoona kilichokuwa kimejificha katika hoja ya baba: trekta lisiloogopa mawe ndilo litakalopitishwa juu ya mawe. Tumbo lililoinuliwa likwepe jiwe lilikuwa limeinua pia uzito wote, na dereva asingekuwa na sababu ya kulizunguka jiwe hilo. Lile fupi lisingeweza kupita juu ya jiwe hata kama mtu angetaka.

Nilimpelekea baba mchoro dukani. Aliutazama kwa heshima, akiushika pembeni asiuchafue, kisha akaniuliza kama trekta lilianguka siku ya maonyesho. Nikasema hapana. Akaniuliza kama lilipita juu ya mawe. Nikasema ndiyo.

“Umesoma, mwanangu, nami nashukuru umesoma,” alisema. “Lakini tangu urudi unaogopa hata ngazi za msikiti. Nimetoa neno. Neno la nyumba hii halirudi jikoni kama sahani.”

Kwa siku zilizofuata nilirudia hesabu, nikitafuta kosa, na nakiri kwamba nilitamani kulipata.

Habari zilishuka kutoka Mudende na wauza maziwa, siku ya Ijumaa asubuhi. Waliziweka dukani pamoja na vibuyu vyao, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaodhani sisi tunajua tayari. Trekta la maonyesho lilikuwa limemlalia dereva wake. Alikuwa akikata ubavu juu ya mtaro, watu wakimtazama na kumpigia makofi, likapanda jiwe. Mmoja wao alisema kwamba kabla ya kugeuka injini ilitoa sauti nyembamba, kama mtu anayeita kutoka mbali. Walipofanikiwa kuliinua hakukuwa na haja ya kuharakisha tena.

Baba alisoma dua. Alishika ukingo wa meza ya duka, na nilidhani atasema jambo ninalolisubiri. Aliposema, alisema kwamba ajali ni siku ya mtu. Wakala, aliongeza, amempoteza mtu wake. Je, sisi tuwe wa kwanza kumpokonya na riziki? Kujitoa siku ya msiba ni kumkanyaga mtu aliyeanguka. Niliona kwamba anaamini kila neno, na kwamba hakuna neno baya kati ya hayo. Ndicho kilichonitisha. Tungempoteza kaka yangu kwa adabu njema.

Kaka alisimama karibu na mizani. Mtaani walikuwa wakimwita Bwana Mizani, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kupewa kazi nyingine, na kilima kile kilikuwa njia yake ya kuliondoa jina hilo.

“Mimi nitakuwa mwangalifu,” aliniambia, ingawa sikuwa nimemuuliza.

“Yeye hakuwa mwangalifu?”

Alitazama pembeni. “Yule alikuwa akijionyesha.”

Adhana ya sala ya Ijumaa ilisikika, wakatoka pamoja kwenda msikitini, baba mbele, kaka nyuma yake, kanzu zao nyeupe zikipotea katika vumbi la barabara. Nilikwenda jikoni kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mama alikuwa amesimama mbele ya rafu. Hakulia. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao, na alizungumza bila kugeuka.

“Alisema atarudia pilau,” alisema.

Kisha alinyoosha mkono, akakichukua kikombe cha baba kilichofunikwa, akakigeuza. Mabaki ya kahawa yalikuwa yamekauka yakafanya duara jeusi ndani yake. Alikitia katika maji, akakisugua kwa kidole gumba hadi duara lilipotoka. Maisha yangu yote sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo kabla mali haijafika.

“Mama, baba atasema nini?”

“Neno ni lake. Kikombe ni cha jikoni, na jiko ni langu.” Alikiweka kwenye rafu, mdomo juu, kikidondosha maji. “Meli inapakiwa kesho. Nenda posta kabla hawajatoka msikitini.”

Hata wakati huo nilisita. Nilisimama mlangoni nikiwaza kwamba huenda dereva yule kule Mudende alipita karibu mno na mtaro, kwamba huenda ubavu ule ulikuwa mkali kuliko wetu, kwamba kifo kimoja hakithibitishi hesabu. Mama alinitazama kwa uchovu mkubwa.

“We mtoto,” alisema, “utaendelea kupima hata kaburi?”

Nilitembea. Barabara ya ziwani ilikuwa tupu kwa sababu ya sala, na mawimbi yalipiga mawe kwa sauti moja isiyobadilika. Pale posta, mtu wa simu alitaka kujua ninapiga kwa niaba ya nani. Nikamtajia duka la baba. Aliunganisha, akakosa, akaunganisha tena, kisha akaninyooshea mkono wa simu, mzito na wenye joto la sikio la mtu mwingine.

Wakala alikuwa nyumbani kwake. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba taratibu, nikaelewa kwamba wamekaa matanga. Nilimpa pole. Alinishukuru, akasema marehemu alikuwa akila kwake kila siku, kama mtoto wa nyumbani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu cha kawaida cha kushika, alisema:

“Bon, mwambie mzee asijali. Trekta yake iko tayari bandarini.”

“Lisipakiwe,” nilisema. “Tunataka lile fupi.”

Wanawake waliendelea kuimba.

“Binti, kikombe kilifunikwa. Mimi pia nilifunika changu.”

“Cha kwetu mama amekifunua. Amekiosha.”

“Na mzee anajua?”

“Yupo msikitini. Akitoka ataambiwa.”

Nilisikia akipumua. Nilijua anachokipima: bei ya trekta ambalo hakuna mtu wa upande wetu wa ziwa atakayelinunua tena, na mtu anayeombolezwa chumbani nyuma yake, na mwanamke asiye na haki ya kuzungumza kwa niaba ya duka.

“Kaka yako ndiye angeliendesha?” aliuliza hatimaye.

“Ndiye.”

“Mutaondoa mawe yote kwa mikono?”

“Tutayaondoa.”

Mtu wa simu aliinua kichwa kunitazama.

“Basi,” alisema wakala. “Halitapakiwa.”